KAZI YA MHIFADHI WA SANAMU NA WAJIBU WETU

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Kipalapala, Tabora, juu ya uchongaji wa Unyamwezi. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani.)



Nimeombwa nieleze kazi ya mhifadhi wa sanamu. Wengi hudhani kuwa ni mtu wa kufungua na kufunga milango ya makumbusho. Kazi yake hasa ni kuuliza maswali manne: kinyago hiki kilichongwa na nani, wapi, kwa shughuli gani, na kilitokaje mikononi mwa wenyewe?

Chukueni mfano wa Gary van Wyk. Huyu hakuanza na vinyago. Mwaka 1998 alitoa kitabu juu ya nyumba ambazo wanawake wa Kisotho huzipamba kwa rangi. Pamoja na Lisa Brittan alianzisha New York nyumba ya maonyesho ya sanaa ya Afrika, Axis Gallery. Mwaka 2013, katika chuo cha Queensborough mjini humo, aliandaa maonyesho ya sanaa ya Tanzania, akayapa jina la Kiswahili: "Shangaa". Baadaye yalipelekwa Portland, katika jimbo la Maine. Kabla yake, mwaka 1994, vinyago vya Tanzania vilionyeshwa Berlin na Munich, na kitabu cha maonyesho hayo, kilichohaririwa na Jens Jahn, kilichapishwa kwa Kijerumani na Kiswahili. Kazi hizo zilijibu dhana ya miaka mingi huko ng'ambo, kwamba Afrika Mashariki haina uchongaji wa kutajika.

Katika makumbusho ya Berlin kimo kiti cha enzi cha Kinyamwezi chenye mgongo mrefu, kilichochongwa sura ya mtu. Kumbukumbu zake zinataja jina la Buruku na nchi ya Ukonongo. Kwa maneno hayo mawili mhifadhi anaweza kuanza safari ya kuwatafuta wenyewe. Sanamu nyingine zimeandikwa "Unyamwezi" tu. Na nchi hii ni pana mno kwa mtu kuulizia nyumba kwa nyumba.

Swali la nne ni zito zaidi. Vitu vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilitekwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe alifariki Januari 1893 katika vita na Wajerumani. Nchi iliyopitiwa na vita hivyo haina budi kuuliza mali yake iliondokaje.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani hili ni jambo la bara peke yake. Njia ya misafara iliunganisha Unguja, Bagamoyo na Tabora. Hapa jirani, Kwihara, milango ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 imechongwa kwa mtindo wa pwani. Na tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib ilipoporomoka, sote tulikumbushwa kwamba jengo la makumbusho nalo lina mwisho wake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

(a) Kila familia yenye kiti, mkongojo au kinyago cha wazee iandike jina la mchongaji, mahali na matumizi yake, kwa nakala mbili, wazee wangali hai.

(b) Watumishi wa wilaya na kata wawaeleze wananchi kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hata milango iliyochongwa Tanganyika kabla ya mwaka 1940.

(c) Mgeni anayetaka kununua kitu cha kale aelekezwe kwanza kwa Afisa Utamaduni.

Kipalapala ni mahali pa uchapaji. Vitabu vya T.M.P. vilivyotoka hapa vilisomwa nchi nzima. Si vigumu kwa watu wa mahali kama hapa kuanzisha daftari moja la vinyago. Mhifadhi wa kesho, awe Dar es Salaam au Berlin, atalihitaji.