Sidi Mubarak Bombay na Mji wa Juba

Watajwapo mashuhuri wa Juba, mji ulioegemea ukingo wa Nile Nyeupe, hutangulizwa jina la kiongozi wa Sudan Kusini, John Garang, aliyezikwa humo Agosti 2005, kisha la Askofu Mkuu Paulino Lukudu Loro. Na hiyo ni haki yao. Lakini yuko mwingine ambaye sisi watu wa pwani tumeghafilika naye, na kwa rai yangu ni aibu: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarejea Unguja akiwa huru. Mwaka 1860 alifuatana na wapelelezi Speke na Grant, akiwa mkalimani na mnyapara, wakapita Karagwe, Buganda na Bunyoro, hata Februari 1863 wakawasili Gondokoro, ng'ambo ya mto kutoka Juba ya leo, wakaonana na mpelelezi mwenzao Samuel Baker na Florence, mwandani wake. Vitabu vyamsifu Speke. Walakini maneno mengi kwa masultani wa njiani, tangu hongo hadi idhini ya kupita, yalitoka kinywani mwa Bombay. Jumuiya ya Kijiografia ya London ilimtunuku nishani ya fedha, naye hakustaafu: alikwenda na wapelelezi wengine, kwanza na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha na Cameron hata bahari ya Atlantiki.