Bastola ya Mfukoni: Ndogo kwa Umbo, Ngumu kwa Mkono

(Mada iliyowasilishwa katika semina ya usalama wa familia kwa wazungumzaji wa Kiswahili, Fort Worth, Texas)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua bastola ndogo ya kujilinda, na sababu ya ombi hilo naijua. Wengi wetu hapa tunafunga maduka ya vituo vya mafuta saa sita za usiku. Wengine wanaendesha teksi za mtandaoni, wengine wanatoka hospitali na nyumba za wazee alfajiri, wakikatiza maegesho yenye giza. Hofu hiyo ni ya kweli na wala sikuja kuibeza. Nililokuja kusema ni hili: bastola tunayoikimbilia, ile ndogo kabisa inayomezwa na mfuko wa suruali, ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga kwa shabaha. Anayeinunua kwa kuwa ni ndogo na bei yake ni nafuu amechagua kwa vigezo ambavyo havitamfaa siku ya shida.

Kabla ya bastola, makaratasi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi, kumiliki bunduki au hata risasi moja, ukiacha misamaha michache. Na kumiliki huko kuna maana pana. Kuishika tu kwenye uwanja wa shabaha kunaweza kuhesabiwa. Asiye na makaratasi kabisa naye amekatazwa. Mwenye green card anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali hayumo katika katazo hilo la viza. Lakini asiye raia akumbuke kwamba kosa la bunduki haliishii kwenye faini wala kifungo. Linaweza kumwondoa nchini hata kama ameishi hapa miaka ishirini na watoto wake wote wamezaliwa hapa. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, hata kama mahakama iliita kosa dogo, amezuiwa na sheria ya mwaka 1996. Dukani utajaza fomu nambari 4473, na uongo kwenye fomu ile ni jinai peke yake. Ukiwa na shaka yoyote kuhusu hali yako, nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Usimwulize muuzaji, wala usiniulize mimi.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Bastola za mfukoni ni za zamani hapa Marekani. Henry Deringer wa Philadelphia alipata jina kwa bastola fupi ya risasi moja, na ni bastola yake ambayo John Wilkes Booth alimpigia Rais Abraham Lincoln mwaka 1865, akiwa amesimama nyuma yake kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 John Browning akabuni bastola ndogo za kujikoki zenyewe kwa kiwanda cha FN cha Ubelgiji na kwa Colt ya hapa. Risasi ya .380, inayotumika katika bastola nyingi za mfukoni leo, ni kazi yake, na ilitoka mwaka 1908. Tangu enzi hizo tatizo limebaki lile lile. Kila gramu unayoipunguza kwenye bastola inahamia mkononi mwako kama mshtuko, na kila sentimita unayoikata kwenye mtutu na mpini inakupunguzia mahali pa kushika na urefu wa kulengea.

Chukueni mfano wa Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008 na ambayo wengi wenu mmeiona dukani. Ina uzito wa gramu 270 hivi ikiwa tupu, na magazini yake inabeba risasi sita. Ukiiweka mfukoni unaisahau. Ukiipiga huisahau. Alama zake za kulengea ni vijinundu vidogo juu ya slaidi (kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma kuikoki), visivyoonekana vizuri hata mchana. Mpini unaenea vidole viwili tu, kidole kidogo kinaning'inia hewani. Ikifyatuka inakurupuka, na kabla ya risasi ya pili lazima uishike upya.

Mama mmoja katika mafunzo ninayoyatoa, mhudumu wa wagonjwa majumbani, alifika na bastola ya aina hiyo aliyonunuliwa na mumewe. Mikono yake ni midogo, na mume aliona bastola ndogo ndiyo ya mikono midogo. Kwanza hakuweza kuvuta slaidi, maana katika bastola fupi springi huwa ngumu kuliko kwenye kubwa. Tukaikoki kwa shida. Risasi ya kwanza ikaenda chini ya karatasi ya shabaha, umbali wa hatua nne. Ya pili haikutoka kabisa: kiwiko na kifundo vililegea kwa kuuogopa mshtuko, slaidi haikurudi hadi mwisho, na ganda la risasi likabaki limesimama wima, limebanwa kwenye tundu la kutokea. Akanitazama akiwa na bastola iliyokwama mkononi. Nikampa Glock 42, inayotumia risasi ile ile ya .380 lakini ina uzito wa gramu 390 hivi na mpini mpana kidogo. Slaidi akaivuta mwenyewe. Risasi sita zote zikaingia kwenye karatasi, nne katika eneo la ukubwa wa kiganja. Gramu 120 ndizo zilizomtenganisha na shabaha, na bado ile ya pili inaingia kwenye mfuko wa koti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa wazi: asiye na uzoefu asianze na bastola nyepesi kuliko zote. Hizo ni za mtu aliyekwishapiga risasi nyingi na anayeendelea kufanya mazoezi.

Wapo watakaouliza kuhusu rivolva. Mimi naipenda kwa kazi hii, hasa zile fupi za risasi tano aina ya .38 zenye nyundo iliyofichwa ndani, kama Smith & Wesson 642. Haina slaidi ya kuvuta. Haina magazini ya kulegea. Nyundo iliyofichwa haikwami kwenye kitambaa wakati wa kuitoa. Na kwa umbali wa karibu kabisa ina faida ambayo watu hawaifikirii: bastola ya kujikoki ikisukumwa dhidi ya mwili wa mshambuliaji, slaidi inaweza kurudi nyuma kidogo na bastola ikagoma kufyatuka, rivolva haina sehemu hiyo ya kusukumwa. Ubaya wake ni kifyatulio. Kinataka nguvu ya kilo tano na zaidi, na safari yake ni ndefu. Ugumu huo unasaidia usalama, kwani si rahisi ifyatuke kwa bahati mbaya, lakini unayumbisha mkono wa asiyefanya mazoezi. Mwenye baridi yabisi vidoleni aijaribu kabla hajatoa fedha.

Kwa mwenye mikono dhaifu sana, Beretta ndogo ya 21A mtutu wake unainuka upande wa nyuma, ukaweka risasi moja kwa moja bila kugusa slaidi. Inatumia .22. Risasi hiyo haina mshtuko wa maana, ila ni dhaifu, na kwa jinsi baruti yake inavyowashwa hugoma mara nyingi kuliko risasi za aina nyingine. Inabaki ni bora kuliko bastola kubwa isiyopigika.

Kuhusu nguvu ya risasi maduka yamejaa maneno. FBI walipoteza maofisa wawili katika mapambano ya Miami mwaka 1986, na baadaye wakaweka kipimo kwamba risasi ya kujilinda ipenye sentimita 30 hivi kwenye jeli ya majaribio. Risasi nyingi za .380 zinazotanuka, zikipigwa kwenye mtutu mfupi, zinahangaika kufika hapo. Ni kweli. Lakini sijawahi kuona mtu akikosea shabaha kwa sababu ya jeli. Chagua risasi ya kiwanda kinachojulikana, ipige katika bastola yako hadi uhakikishe haikwami, kisha maliza mjadala.

Anayenunua mkononi, yaani bastola iliyotumika, aulize nambari yake kwa kiwanda. Ruger wenyewe waliziita LCP za mwanzo zirudi mwaka ule ule wa 2008, kwa kuwa zilikuwa zinaweza kufyatuka zikianguka. Bado zipo za namna hiyo zinazozunguka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho watu hukiacha kwa kubana dola thelathini au arobaini, nacho ni ala. Bastola isiyo na ala haifai kuingia mfukoni, haifai kuingia pochi, haifai kuingia kwenye mlango wa gari. Ala ya mfukoni inafunika kifyatulio chote, inaizuia bastola isipinduke, na inabaki mfukoni unapoitoa bastola. Mfuko huo ni wa bastola peke yake. Funguo hazimo, sarafu hazimo, simu haimo, kalamu haimo. Ufunguo mmoja ukiingia kwenye tundu la kifyatulio unatosha kukuvunja paja. Ukirudisha bastola, toa ala mfukoni, ivishe bastola ukiiona kwa macho, kisha vyote viingie pamoja. Na mara moja kwa wiki, ikiwa imetolewa risasi, ipekue: mfuko unazalisha vumbi na manyoya ya nguo, nayo hujaa kwenye mtutu na chini ya nyundo.

Madereva, nawaomba tusikilizane. Ukiwa umekaa, umefunga mkanda, bastola iliyo mfukoni mwa suruali haitoki. Jaribu leo na kitu chochote cha ukubwa huo. Zaidi ya hapo, Uber na Lyft zote zinawakataza madereva wao kubeba bunduki kazini, na waajiri wengi wa maduka wana katazo kama hilo. Ukikutwa unapoteza kazi hata kama polisi hawana neno nawe.

Hapa Texas, tangu Septemba 2021, mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea asiye na kizuizi cha sheria anaweza kubeba bastola bila leseni. Mimi nawasihi mchukue leseni hata hivyo. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka eneo la shule, yaani mita 300 na ushee, na mmoja wa wanaosamehewa ni mwenye leseni ya jimbo lile lile. Hebu fikirieni ni shule ngapi mnazipita kwa siku. Darasa la leseni pia litakufundisha ni lini sheria inakuruhusu kutumia nguvu ya kuua: pale tu unapoamini, kwa akili ya mtu wa kawaida, kwamba hakuna budi papo hapo. Matusi peke yake hayatoshi, hata yawe ya kibaguzi kiasi gani. Tumezoea kujibu maneno kwa maneno; mwenye bastola mfukoni amepoteza haki ya kubishana maegeshoni.

Udogo wa bastola una hatari yake nyingine: inasahaulika. Mwaka 2023 wakaguzi wa viwanja vya ndege nchini walikamata bunduki zaidi ya 6,000 kwenye mabegi ya abiria, nyingi sana zikiwa na risasi ndani, na utetezi wa kawaida ni kwamba mwenye begi alisahau. Kwa asiye raia, usahaulifu huo unaweza kumgharimu maisha aliyoyajenga hapa. Begi la bastola lisiwe begi la safari, kamwe.

Na nyumbani. Tangu mwaka 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kuua watoto na vijana wa Marekani, kuliko hata ajali za magari. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vya bunduki nchini ni vya watu waliojiua. Tunaishi nyumba zilizojaa: watoto, wapwa, mgeni aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma na majonzi yake. Bastola ya mfukoni inakaa chini ya mto, juu ya kabati, ndani ya pochi iliyoachwa mezani, na mtoto wa miaka minne anaweza kukivuta kifyatulio chake kwa vidole gumba viwili. Texas inalihesabu kuwa kosa kuacha bunduki mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaifikia. Ikitoka mwilini mwako iingie kwenye kisanduku chenye kufuli, hata kama ni kwa dakika tano za kuoga. Kama ndani ya nyumba yako kuna mtu aliyekata tamaa ya maisha, usinunue sasa. Na kama unayo tayari, itoe nyumbani kwa njia halali mpaka apate nafuu. Simu ya 988, ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, iko wazi usiku na mchana na ina wakalimani.

Kwa anayeuliza hukumu yangu: mwenye kuweza kuvaa mkanda na shati la kuachia asinunue ya mfukoni, achukue ya 9mm ya ukubwa wa SIG P365, gramu 500 hivi, risasi kumi, akaivae kiunoni kwenye ala ngumu. Asiyeweza, kwa sababu ya sare ya kazi au mavazi yake, achague kati ya rivolva ya .38 yenye nyundo ya ndani na bastola ya .380 isiyopungua gramu 350. Viwanja vingi vya shabaha hapa mjini vinakodisha bastola. Kodi mbili tatu, piga walau risasi hamsini kwa kila moja, na ununue ile iliyopiga karatasi mahali ulipolenga. Ambao mmekwishanunua, mkifika nyumbani leo toeni risasi, pekueni mtutu kama una manyoya, na kama hamna ala, bastola hiyo ifungiwe ndani hadi mtakapoipata.