Kiasi Huwekwa Kabla ya Kikombe cha Kwanza

Ndugu wazazi, nanyi vijana mliorejea Utende kwa likizo ya chuo,

Viroba vya pombe vilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017. Tembo la mnazi lingalipo, nalo halina kibandiko cha kueleza ukali wake: la asubuhi ni tamu, la jioni limekwisha kuchacha. Asiyekunywa asishurutishwe. Anayekunywa aweke kiasi mapema, ale kwanza, anywe na maji, wala asipande pikipiki au mashua ya kwenda Chole. Mwenzenu akizimika, mlazeni kwa ubavu, msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya upesi. Aibu ya kujulikana hupita, uhai haurudi.