Mali bila Daftari: Nasaha kwa Wazazi



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuwafunza watoto kazi na matumizi ya fedha. Elimu yetu iliishia sekondari. Iliyobaki tuliipata nyuma ya meza ya duka.

Kila Diwali huleta hekaluni vitabu vipya vya hesabu kwa ajili ya Chopda Pujan. Majirani zetu wapate kufahamu: vitabu hivyo huwekwa mbele ya Ganesh na Lakshmi, na kabla ya hesabu yoyote huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh, yaani heri na faida. Heri hutangulia. Waswahili nao wana usia wao: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baba zetu, waliouza kanga na vyombo kwa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge hapa Tanga, hawakutufunza kwa hotuba. Tulipotoka shule tulipewa kwanza ufagio, kisha mizani, kisha kipimo cha kitambaa. Kalamu ya daftari ilikuja mwisho. Tulijua nani amekopa doti ngapi hadi mwisho wa mwezi, na baba anadaiwa kiasi gani na muuzaji wa jumla. Bei ya mkonge ilipoanguka na wateja wakapungua, hatukuuliza kwa nini Diwali ile hatukushonewa nguo mpya. Sababu tulikuwa tumekwisha kuisoma.

Sisi tuliwalea watoto wetu kinyume cha hayo. Tulisema, "Tumetaabika sisi, wao wastarehe," tukawalipia kila kitu na daftari tukalifunga. Ukaja mwaka ambao tulikopa ili kununua mzigo, na mzigo haukutoka. Kijana wetu alikuwa akisoma ng'ambo. Hatukumwambia. Tuliuza kiwanja, tukaendelea kumpelekea fedha, naye akaenda likizo na wenzake. Alipokuja kuijua habari hiyo hakutushukuru. Aliuliza, "Baba, kwa nini mlinifanya mgeni katika nyumba yangu? Ningetafuta kazi." Hatukuwa na jibu.

Tangu hapo tumebadili mwendo kwa binti yetu mdogo. Wakati wa likizo hufanya kazi dukani chini ya karani wetu wa siku nyingi. Humwita mjomba, na amri huzipokea kwake, si kwetu. Posho yake huigawa mara tatu: ya matumizi, ya kibubu na ya sadaka. Na kila mwisho wa mwezi huketi nasi akasoma daftari, akianza na ukurasa wa madeni kabla ya ule wa mauzo: mishahara, kodi, umeme, na fedha za watu.

Mwezi mmoja aliona kwamba mshahara wa mjomba wake umechelewa siku sita, na katika ukurasa uleule kwamba sisi tumenunua televisheni. Hakusema neno. Aliweka kidole pale, akatutazama. Tulilipa jioni ileile.

Ndugu zetu, hapo ndipo ugumu ulipo. Wengi wetu hatuwafichi watoto daftari kwa sababu wao ni wadogo. Tunalificha kwa sababu sisi wenyewe tutasomwa. Mtoto anayejua faida pekee amejifunza neno moja kati ya yale mawili. Neno la kwanza hatalijua mpaka aone jinsi wazazi wake wanavyowalipa wanaowadai.

Basi Diwali ijayo, tunapokuja na vitabu vyetu vipya, tuje na watoto wetu pia, na tukirudi nyumbani tuwafungulie vile vya zamani.