Kulinda Kompyuta ya Nyumbani Bila Fedha Nyingi

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi)

Mimi si mwalimu wala si fundi wa kompyuta. Kazi yangu mwaijua, ni spana na mafuta, na masomo yangu yalikoma darasa la nane katika shule ya misheni. Lakini Bwana Katibu alinitaka niseme kwa sababu ajua hasara iliyonipata, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Wengi wetu sasa tuna kompyuta nyumbani. Si mpya. Ni zile zilizochoka katika maofisi ya Ulaya zikaletwa huku, nasi twazinunua kwa mkopo wa sacco. Yangu niliinunua mwaka 2021 kwa ajili ya masomo ya watoto. Na kwa kuwa mimi ndimi katibu wa chama chetu kidogo cha kuzikana, nikatia humo hesabu zote: majina ya watu 46, nani ametoa, nani ana deni, nani alifiwa akapewa ngapi. Daftari la karatasi nikaliacha, nikaona ni mambo ya kizamani.

Fundi mmoja mjini alinitilia programu ya kuandikia barua na hesabu, ile ya wizi isiyolipiwa kwa mwenyewe, akachukua shilingi 500. Akaniambia, "Mkubwa, hii kinga ya Windows tuizime kwanza, inasumbua, inakataa programu kuingia." Nami nikakubali. Hebu fikirini, ndugu. Mlinzi wa ghala amemshika mtu langoni, nawe mwenye mali wamwambia mlinzi aende akalale!

Siku chache baadaye nilipofungua hesabu, kila faili lilikuwa limeongezwa mkia wa herufi nisizozijua, na hakuna hata moja lililofunguka. Palikuwa na barua moja tu ya Kiingereza: tuma dola mia kadhaa, utapewa ufunguo. Mwezi ule ule mwenzetu alifiwa na mama yake. Nikasimama mbele ya watu bila kitabu. Wawili walisema wamekwisha kutoa michango yao yote, nami sikuwa na la kuwaonyesha. Mmoja wao hasemi nami mpaka leo. Tuliijenga hesabu upya kutoka jumbe za M-Pesa katika simu za watu, kazi ya wiki sita, na haikukamilika.

Msidhani haya humpata mjinga wa karakana peke yake. Mwezi wa Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry viliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150. Vilifunga kompyuta za hospitali nyingi za serikali ya Uingereza, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Huko Ujerumani, kwa wenzetu wa reli, mbao za Deutsche Bahn zinazoonyesha saa za treni katika stesheni zilionyesha barua ya wezi wakidai dola 300. Treni zenyewe ziliendelea kwenda. Lakini sikieni neno hili: kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa ule mwezi wa Machi, miezi miwili kabla, na kwa wenye Windows iliyokuwa bado ikitunzwa haikuwa na malipo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuitia.

Basi dawa hizo, ambazo vijana huziita apudeti, ndizo kazi ya kwanza. Mwamjua yule mtu wa njia anayetembea kando ya reli asubuhi na nyundo, akikaza kilicholegea kabla treni haijapita. Hakuna abiria anayemshukuru, lakini siku asipopita mtajua. Najua mtasema, "Bando je?" Ni kweli, apudeti zala bando sana, na mtu wa mshahara wetu hawezi kuiacha kompyuta inywe usiku kucha. Mimi huiambia kompyuta kwamba mtandao wa simu yangu ni wa kupimwa, nayo huzuia mizigo mingi isiyo ya lazima. Halafu mara mbili kwa mwezi huipeleka mahali penye mtandao usiopimwa, kwa ndugu au jamaa ninayemwamini, nikaiacha ishibe.

Sasa liko jambo linalowahusu wengi hapa. Dawa za kawaida za bure za Windows 10 zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitoa nyongeza kwa watu wa nyumbani waliojiandikisha, mwisho wake tarehe 13 Oktoba 2026. Ukitaka Windows 11, kompyuta zetu nyingi za mtumba zakataliwa kwa sababu ya umri wa mashine. Je, tununue nyingine? Mimi sikununua. Niliitia Linux Mint, ambayo haiuzwi, yatolewa bure kihalali, na apudeti zake ni bure. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 yaichukua vizuri. Ugumu upo, siwafichi: programu nyingi zilizotengenezwa kwa Windows hazikai humo, na wiki ya kwanza watoto walinung'unika. Lakini LibreOffice yaandika barua na hesabu bila kulipa senti, tena yakaa katika Windows pia. Tangu nilipoijua sikuona tena sababu ya kumwendea fundi wa programu za wizi, na hapo ndipo mlango wangu mkubwa ulipofungwa.

Juu ya kinga za virusi za kununua, watu wa maduka watawaambia mlipe kila mwaka. Kwa nyumba kama zetu naona si lazima. Windows ina kinga yake yenyewe, iitwayo Defender, haina malipo, mradi msiizime kama nilivyofanya mimi. Programu yoyote ikikuambia izime kinga ndipo iingie, ifukuze.

Tena, msiwape watoto kompyuta kwa jina la mwenye mamlaka yote. Fungua majina mawili: moja lako la kutilia programu, lenye neno la siri, na jingine la kawaida la kazi za kila siku, hata wewe mwenyewe ulitumie hilo. Neno la siri liwe refu. Maneno manne yasiyohusiana ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake. La barua pepe lisifanane na jingine lolote, kwani mwizi akiipata barua pepe atabadilisha maneno mengine yote kupitia hapo. Na flashi iliyotoka saiba usiifungue kabla kinga haijaipima. Ukiona kabrasha zako zimegeuka vialama vidogo vya mshale, usibofye hata kimoja.

Nimebakiza lile ambalo lingaliniokoa. Nunua flashi, bei yake haizidi sana kilo ya nyama, uandike juu yake kwa kalamu NAKALA. Kila Ijumaa jioni nitiapo michango, nachomeka, nanakili hesabu, nachomoa, naweka katika sanduku la bati chumbani. Kuchomoa ndiyo kazi yenyewe. Ukiiacha imechomekwa, siku wezi watakapofunga kompyuta wataifunga na flashi pamoja. Nina mbili, nazipokeza zamu, na ya pili yalala kwa mweka hazina wetu. Naona anacheka pale nyuma, lakini aitunza. Na kila mwezi nafungua nakala kuona kama yasomeka, maana flashi nazo hufa.

Ikiwa mmekwisha kupatwa, msikimbilie kulipa. Huna hakika ya kupata ufunguo, na fedha hizo zawatia wezi nguvu. Ondoeni mtandao kwanza. Kuna kazi iitwayo No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya kinga, ambayo hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi. Wa kwangu hawakuwa na ufunguo. Hata hivyo faili zile zilizofungwa bado nimezihifadhi, kwani huenda ufunguo ukapatikana baadaye.

Bwana Mwenyekiti ametukubalia chumba hiki Jumamosi ijayo baada ya zamu ya asubuhi. Nitakuja na flashi yenye Linux Mint na LibreOffice, na mwenye kompyuta aje nayo pamoja na chaja yake. Lakini atakayekuja aje kwanza na flashi tupu, tunakili vitu vyake kabla hatujagusa lolote. Sitaki fedha ya mtu.