Mchungaji na Lawama za Washarika



Katika shukrani ya miaka mia moja yafaa tuseme pia juu ya lawama, kwa maana hakuna usharika uliokua bila manung'uniko. Wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, Mitume hawakuwaita waasi. Waliwakusanya wanafunzi, wakachaguliwa watu saba, na neno la Mungu likaenea (Mdo. 6).

Kanisa letu nalo lina ushuhuda. Uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 ulipofika Buhaya, washarika wa kawaida walithubutu kuwaambia wachungaji wao watubu. Yalikuwa maneno machungu, na mengine yalipita kiasi; wako waliojitenga. Lakini kutoka uamsho huohuo alitokea Josiah Kibira, aliyekuwa Askofu mwaka 1964, na mwaka 1977, Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Kama sauti hizo zingalizimwa zote, tungalipoteza nini?

Sisi wa Kondoa tunayajua makorongo. Kabla ya mradi wa HADO kuanza mwaka 1973, maji yalikuwa yamekula ardhi yetu, na kila korongo lilianza kama mfereji mwembamba. Dawa haikuwa kuyakemea maji, bali kuyachimbia makingamaji. Lawama nazo zahitaji njia.

Basi, mchungaji anapolaumiwa, kwanza asikilize mpaka mwisho. Pili, atenganishe ukali wa maneno na ukweli uliomo. Tatu, asijibu mimbarani, mahali ambapo mwenzake hana nafasi ya kusema. Amwendee faraghani, kama Mathayo 18 inavyoelekeza. Nne, mambo ya fedha yapelekwe kwenye Baraza la Wazee na hesabu zisomwe wazi, kama Samweli alivyojiweka mbele ya taifa zima na kuuliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa (1 Sam. 12). Lawama ya uongo aijibu kwa upole, kisha aendelee na kazi.

Nanyi washarika, semeni na mchungaji kabla hamjasema juu yake. Mshirika anayelalamika bado yumo nyumbani. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza, kisha kiti chake kikabaki kitupu.

Mungu aubariki usharika wetu wa Busi. Amina.