Uchovu Usiotoka Kwenye Jembe



Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya uchovu usioletwa na jembe wala mzigo, bali huletwa na fikra. Siku hizi wengi huuita msongo wa mawazo. Wazee wetu husema tu, "Fulani ana mawazo," na asikiaye haulizi zaidi.

Nitaanza na nafsi yangu. Muhula mmoja nilikuwa na madaftari mia na ishirini ya wanafunzi wa ualimu ya kusahihisha, mkaguzi alikuwa akitazamiwa, na nyumbani nilikuwa na mgonjwa na deni. Nikawa naamka saa tisa ya usiku bila kuamshwa na mtu, nikihesabu fedha nisizokuwa nazo. Shingo ilikaza kama ya mtu aliyelalia gogo. Chakula kilikuwa na ladha ya chaki. Asubuhi moja mwanafunzi aliangusha kichupa cha wino juu ya meza yangu, nami nikamkemea kwa maneno ambayo sikupata kumwambia mtu maishani mwangu. Darasa zima likanyamaza. Nilipoinua mkono niandike ubaoni ulitetemeka, na moyo ukanienda mbio hata nikadhani nimepatwa na maradhi ya moyo.

Daktari alinipima, akaona moyo ni mzima. Akaniuliza, "Mwalimu, walala saa ngapi?" Nikaona haya kumjibu.

Yafaa tujue mambo haya yatendekavyo mwilini. Juu ya kila figo ipo tezi ndogo. Mtu akikutana na nyoka njiani, tezi hizo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga upesi, ini hutoa sukari, damu huenda kwa wingi kwenye misuli, na tumbo hupunguza kazi yake. Daktari Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, aliyaeleza hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1915. Ni matengenezo mema sana, maana humwezesha mtu kupigana au kukimbia. Lakini deni si nyoka. Halipigwi fimbo wala halikimbiwi, nalo hulala nawe chumbani, na mwili hukaa tayari kwa vita usiku kucha.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyefanya kazi Montreal katika nchi ya Kanada, aliandika habari za panya waliotaabishwa kwa njia mbalimbali, kama vile baridi na kazi ya kupita kiasi. Taabu zilikuwa mbalimbali, lakini miili yao ilionyesha dalili zile zile: tezi za juu ya mafigo zilikuwa kubwa, na vidonda vilitokea tumboni. Hapa sina budi kusahihisha jambo moja ambalo hata walimu wenzangu hulikosea. Watu walishika sana habari ya vidonda, wakasema kila mwenye kidonda cha tumbo ana mawazo. Sivyo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuvumbua bakteria waletao vidonda hivyo kwa watu wengi. Basi mgonjwa wa tumbo asiambiwe, "Acha mawazo". Apelekwe hospitali akapimwe, apewe dawa.

Je, mwenye mawazo afanyeje? Katika nchi ya Zimbabwe, Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri mno. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kazi mjini Harare na akina bibi, wanawake wazee wa mtaani, waliofundishwa kuwasikiliza watu wakiketi nao bencini nje ya zahanati. Bibi hamhubirii mtu. Humwacha ataje shida zake zote, kisha humsaidia kuchagua moja tu, na kutafuta hatua moja ndogo iwezekanayo. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 lilihusu watu 573, na baada ya miezi sita wale walioketi na akina bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Nami nilitwaa karatasi nikaandika yote yaliyonisumbua. Mengine hayakuwa katika uwezo wangu, kama vile siku ya kuja mkaguzi. Nikachagua deni. Nilimwendea aliyenidai, nikamwambia kweli, tukapatana nilipe kidogo kidogo kila mwezi. Siku ile deni halikupungua hata senti moja, lakini usiku nililala hadi alfajiri.

Mengine ni mepesi. Kutembea kwa miguu jioni husaidia, na kuvuta pumzi taratibu kisha kuitoa polepole zaidi hutuliza moyo. Kahawa na chai kali visinywewe jioni, maana nguvu yake hukaa mwilini kwa saa nyingi. Pombe ni rafiki mwongo: humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane.

Lakini kifua kikibana, na maumivu yakienda mkononi au tayani, usingoje wala usiseme ni mawazo tu. Nenda hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo mtu akikaa majuma mawili hana furaha ya kitu chochote, ampate daktari. Na akianza kusema heri afe, asiachwe peke yake hata kidogo.

Yule mwanafunzi nilimwomba radhi mbele ya darasa. Jambo hilo lilinitoa jasho kuliko ukaguzi. Aliniambia nisijali, kwa kuwa wino umekwisha kutoka. Haukutoka, doa lingalipo mezani, na kila nisahihishapo madaftari mkono wangu hupita juu yake.